Kikosi cha Mchinga na Turubai la Harusi

Kuanzia Mchinga mpaka Kilwa Masoko, Fauzia alikalia gunia. Si kwamba viti vilikosekana. Kosta ilikuwa imekodiwa kwa ajili yao peke yao, na viti vilibaki vingi mpaka vingine vikapakiwa sufuria. Ila yeye alililaza gunia lake kwenye njia ya katikati akalikalia kama kuku anayeatamia, na aliyetaka kwenda nyuma ilibidi amruke.

"Dada Fauzia," Jafari alisema walipokuwa wanavuka daraja la Mbwemkuru, "hema likishatotoa, mimi naomba jogoo."

Gari zima liliangua kicheko. Fauzia naye alicheka, maana siku ile hakukuwa na jambo lisilochekesha. Ng'ombe akivuka barabara, wanacheka. Mwalimu Eusebio, mlezi wa kikosi, akisinzia kiti cha mbele na kofia ikamwangukia puani, wanacheka. Walipopita Kiranjeranje, Nassibu aligeuza sufuria kubwa ikawa ngoma, na kuanzia hapo mpaka njia panda ya Nangurukuru dereva aliendesha huku anatikisa mabega. Walikuwa wanakwenda kwenye kambi ya kimataifa ya skauti. Kimataifa! Neno hilo walikuwa wamelitamka mno mpaka akina mama wa Mchinga nao wakalichukua: mtu akipika wali ukaiva punje kwa punje, anaambiwa huo sasa ni wa kimataifa.

Kucheka alicheka, lakini gunia hakulitoka. Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita walikwenda kambi ya kanda bila hema, wakidhani huko huko watapewa. Kumbe makambi yale yana kanuni: kikosi kisicho na malazi yake, yenye paa na kuta pande zote nne, kinagawanywa kwenye vikosi vya wenzao kama mchele wa msaada. Imani akapelekwa huku, Nassibu kule. Agnes, mdogo kuliko wote, akalazwa katikati ya wasichana ambao hata jina hawakumuuliza, akalia mpaka macho yakavimba. Fauzia mwenyewe alishinda akichota maji ya jiko la watu, na walipomtaka walimwita "wewe wa kuazima." Aliporudi nyumbani hakumsimulia mtu, ila aliapa moyoni: safari nyingine, wanane wote chini ya paa moja, la sivyo hakuna kwenda.

Basi msimu mzima waliokota korosho kwenye mashamba ya watu mpaka vidole vikanuka mabibo, wakapata hema. Hema la kijani, zito, la kulala kikosi kizima na mwalimu wao kwenye pembe. Wakaliweka kwenye ghala la kikundi cha akina mama cha Tupendane, ambacho mama yake Fauzia ndiye mwenyekiti. Na ghala lile lina utaratibu wake. Panya wa Mchinga hawana adabu. Kwa hiyo kitu chochote cha maana kikiwekwa pale hushonewa ndani ya gunia la korosho, kwa shazia na uzi wa katani, tena kwa mshono wa mara mbili. Panya wanashindwa, vitu vinapona. Ubaya wa utaratibu huo ni mmoja tu: kila kitu cha maana pale Mchinga kinafanana.

Alfajiri ya safari, Fauzia aliingia ghalani na tochi mdomoni. Akapapasa gunia la kwanza, akapapasa la pili, akaona hili la pili ndilo zito. Akalibeba.

Uwanja wa kambi ulikuwa nyuma ya ufukwe, katikati ya minazi, na walipoingia getini kelele zote za ndani ya Kosta zilikatika kwa mshangao. Hema nyekundu, hema za bluu, hema za mviringo kama maandazi. Vijana weupe, weusi, wa rangi ya kahawia, wote na skafu shingoni. Kulikuwa na watu wa nchi ambazo Jafari alizijua kwa timu zake za mpira tu. Mwalimu Eusebio, Mmakonde wa Newala, alisikia Kimakonde kinapigwa kwenye kambi ya Msumbiji, akaomba radhi kidogo, akapotelea huko.

Jirani zao walikuwa Wafini. Fauzia aliwatazama kwa husuda isiyo na dhambi: walirusha kitu mfano wa sinia hewani, kikatua chini kikiwa hema kamili. Kiongozi wao alikuwa dada mrefu wa miaka ishirini na kitu, nywele nyeupe kama katani, mashavu mekundu kwa jua la Kilwa. Alikuja mbio kuwasalimia, mikono miwili.

"Helena!" alisema, akijipiga kifuani.

"Helena?" Jafari alishangaa. "Shangazi yake Mwalimu anaitwa Helena. Yuko Ndanda!"

"Sawa!" Helena alijibu kwa furaha kubwa. "Asante! Karibu!" Kiswahili chake kilikuwa hicho, maneno matatu, naye aliyagawa bila ubahili.

Hawajamaliza kushikana mikono, filimbi ikalia. Mkuu wa kambi, Kamishna Dativa, alikuwa anapita. Mwanamke mfupi, miwani ya kamba, kaptura iliyopigwa pasi mpaka ina makali.

"Mchinga, karibuni. Saa kumi nakagua. Nataka paa, kuta nne, mfereji wa maji. Mwenye malazi atalala, asiye na malazi nitamgawa. Mimi sina mchezo."

"Hema tunalo, Kamishna," Fauzia alisema, na hapo alilipiga gunia kofi la mapenzi.

Walikaa duara. Imani, fundi wao wa mafundo, alikata uzi wa katani. Gunia likafunguka mdomo, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa shada la nyuzi za dhahabu. Halafu kikafuata kitambaa cha zambarau, kinang'aa. Halafu nyota za fedha zilizoshonwa kwa mkono. Wakavuta, kikazidi kuja, meta kwa meta, na mwishoni kabisa moyo mkubwa mwekundu ulioandikwa HONGERENI MAHARUSI.

Lilikuwa turubai la Tupendane. Hakuna mtu kuanzia Mchinga mpaka Lindi mjini ambaye hajala pilau chini yake.

Nassibu alikuwa wa kwanza kuanguka chini. Akafuata Jafari, akigaragara mchangani, anashika mbavu. Hata Agnes alicheka, ijapokuwa hakujua bado kama ni jambo la kucheka. Fauzia hakucheka. Alikuwa amelikalia kosa lake safari nzima, amelilinda lisiibiwe.

Akampigia mama yake simu.

"Kumbe!" mama alisema. "Ndiyo maana! Sisi tumefungua gunia tuketi kwenye kikao, tumekuta hema la jeshi. Tumelisimamisha hivyo hivyo. Shangazi yako kaingia ndani hataki kutoka, anasema humo hakuna mtu wa kumwomba chumvi."

"Mama, tunagawanywa saa kumi!"

Mama akaacha kucheka. Aliuliza huku na huku, sauti zikasikika zikibishana kwa Kimachinga, halafu akarudi: gari la kuleta hema lingepatikana kesho asubuhi. Leo hapana, wamejaribu.

Fauzia alikata simu. Watoto walikuwa wanamtazama, wamejaa mchanga mpaka kwenye nyusi, vicheko vimekauka. Alitaka kulia, lakini kiongozi wa kikosi akilia mbele ya watu anaambukiza.

"Paa tunalo," akasema.

"Na kuta?" Imani aliuliza.

"Paa kwanza!"

Wakaanza. Miti ilikuwepo, kambi iligawa miti ya kujengea milango. Imani akafunga mafundo, Nassibu akachimbia, Agnes akashika kigingi kwa mikono miwili na kufumba macho kila nyundo iliposhuka. Upepo uliingia chini ya turubai ukalibeba na Jafari akiwa amening'inia kwenye kona, miguu inapiga teke hewani, anapiga kelele kwamba anakwenda Komoro na wamsalimie mama. Helena na Wafini wake waliacha kahawa yao wakaja kuvuta kamba. "Sawa! Sawa!" Likapanda, likashuka, likapanda tena, mara likakaza. Lilisimama katikati ya minazi ile likiwaka zambarau na dhahabu, na hema zote za kimataifa zikaonekana kama vikapu vya sokoni.

Mfereji wakauchimba. Lakini kuta hazikuwepo. Turubai la shughuli halina kuta, kwa sababu shughuli ya Kusini haimfungii mtu nje. Fauzia alilizunguka mara tatu akiomba Mungu amwoneshe kitu, akaona minazi na Wafini tu.

Kwa haraka ile alikuwa amesahau jambo analolijua tangu anatambaa. Pwani hii turubai lenyewe ndiyo kadi ya mwaliko. Likisimama, mtu haulizi kama kaalikwa. Anauliza avae nini. Nalo la Tupendane lilionekana kuanzia sokoni.

"Hodi wenyewe!"

Walikuwa wanawake wa Masoko, kundi zima, wamejitanda kanga, na mikeka kwapani, mafurushi kichwani, sinia la vitumbua limefunikwa kawa. Mbele yao alikuwa mama mmoja mpana, wa sauti isiyohitaji kipaza.

"Karibuni. Shikamooni," Fauzia alisema.

"Marahaba. Mimi Bi Mwanaidi, nyumba yangu ile pale yenye mpapai. Sasa niambieni, nyie watu wa wapi mnaoozesha bila kusema na jirani? Turubai la nani hili?"

"La Mchinga, mama."

"Ahaa, Wamachinga! Mmezoea kutembeza mashati, sasa mnatembeza na harusi!" Wanawake wakacheka, na Bi Mwanaidi akaangaza macho. "Bibi harusi yuko wapi?"

Fauzia alifungua mdomo. Lakini mdomo wa Jafari haujawahi kusubiri zamu. Akanyoosha kidole kwa Helena, aliyekuwa ameshika kamba ya mwisho, jasho linamtiririka.

"Yule pale."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata Fauzia angeita mwizi asingesikika. Mzungu! Mzungu kaja mwenyewe kuolewa Kusini! Bi Mwanaidi alimkumbatia Helena akampotezea pumzi.

"Umempenda mwenyewe? Hukulazimishwa?"

"Sawa!" alisema Helena. "Asante!"

"Bwana ni kijana wa wapi?"

"Mchinga," alijibu Jafari, ambaye sasa alikuwa amenogewa.

"Na jina la Kiislamu kapewa nani?"

"Bado linatafutwa."

"Linatafutwa, na mwali mnamwacha juani, kila mwenye macho anamtazama?" Bi Mwanaidi alipiga makofi mara moja. "Tobaa! Mwali hakai wazi hivi. Fungeni kanga!"

Mafurushi yakafunguliwa. Kanga zilitoka za kila rangi, zikaunganishwa pindo kwa pindo, zikafungwa kutoka mti hadi mti. Upande wa baharini ukaziba. Upande wa Wafini ukaziba. Mikeka ikatandikwa, udi ukafukizwa, Helena akaketishwa katikati kama malkia.

Imani alimsogelea Fauzia, akamnong'oneza bila kugeuza kichwa. "Dada Fauzia. Hizo ni kuta."

Ni kweli, zilikuwa kuta. Wa tatu ulikuwa unafungwa, na wa nne unatafutiwa mti.

Mwalimu Eusebio alirudi kutoka Msumbiji wakati huo huo. Alipoambiwa alicheka mpaka akaushika mnazi asianguke. Halafu akafuta macho, akatazama saa, akashusha sauti.

"Fauzia, ukaguzi wenyewe hauchukui hata robo saa. Tupite kwanza. Baadaye tutawaeleza hawa mama, tutawaomba radhi, mimi mwenyewe nitapiga magoti."

"Sawa, Mwalimu," Fauzia alisema, na alisema kwa moyo mmoja. Alimwona Agnes ameshaweka mkoba wake pembeni, mahali pake, karibu na pa Imani. Hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Basi wakafurahi. Na kwa nini wasifurahi? Nassibu alikaa kwenye sufuria yake, mwanamke mmoja akatoa kigoma cha kweli, wakajibizana. Helena alipakwa hina mikono yote, akawa anaigeuza juu chini na kucheka, akiamini kwamba haya ni mafunzo ya utamaduni yaliyopangwa na kambi, na akiyapa alama zote. Wafini walipewa vitumbua. Mmoja wao alijifunza kupiga kigelegele, sauti ikatoka kama ya mbuzi, wanawake wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Jafari alikuwa katikati ya yote, anatafsiri lugha asiyoijua.

Bi Mwanaidi akamvuta Fauzia kwenye kona. Hapo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, kuku nimeshatuma wachinjwe. Lakini kuna jambo lingine." Akafungua furushi la ndani kabisa, akatoa doti ya kanga mpya, bado ina harufu ya duka, nyeupe yenye pindo jekundu. "Hii nilimwekea binti yangu wa mwisho. Yeye bado anasoma, nitamtafutia nyingine. Yule mtoto wa watu amekuja peke yake. Hana mama hapa, hana shangazi wa kumvika. Haiwezekani mtu aolewe bila kitu kutoka kwa mtu. Wewe uko karibu naye, mvike wewe."

Akamwekea doti mikononi.

Fauzia aliishika. Nyuma yake ukuta wa nne ulikuwa umefungwa, na filimbi ya Kamishna ilishaanza kusikika kwenye kambi za mwanzo. Bado kidogo tu. Angesema "asante, mama" na yote yangepita. Lakini aliona aibu, aibu ya moto, iliyompanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Huyu mama alikuwa anamvua binti yake ili amvike mgeni.

"Bi Mwanaidi," alisema. "Nisamehe. Hakuna harusi."

"Hakuna nini?"

"Hakuna harusi, mama. Yule ni skauti kama sisi, jirani yetu wa kambi. Hajui lolote, anadhani mnamkaribisha. Tulibeba gunia lisilo lenyewe. Tulitaka hema, tukaja na turubai. Nyie mlipodhani ni harusi, mimi nikanyamaza."

Kigoma kilinyamaza. Nassibu akaacha sufuria. Helena akainua mikono yake yenye hina na kusema, kwa wasiwasi kidogo, "Karibu?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanaidi aliichukua doti yake, akaikunja taratibu, mara mbili, akairudisha furushini. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Fungueni kanga zetu," akasema.

"Ni mimi!" Jafari alipiga kelele. "Ni mimi niliyesema, dada hakusema!" Safari hii machozi yalikuwa yanamtoka.

Wanawake walifungua. Ukuta wa baharini ukashuka, wa Wafini ukashuka, mwanga ukaingia kila upande. Fauzia hakuomba. Alisimama wima kama alivyofundishwa kusimama gwaride, akaacha zishuke. Ni Agnes aliyekuja kumshika mkono, na mkoba wake umesharudi mgongoni.

"Dada, safari hii mimi wataniweka kwa nani?"

Bi Mwanaidi aligeuka. "Wakuweke kwa nani vipi?"

Agnes akajificha nyuma ya Fauzia. Ikabidi Imani ndiye aeleze: kwamba asiye na kuta hugawanywa, kwamba mwaka jana walitawanywa, kwamba huyu mdogo alilala na watu asiowajua akalia, na kwamba hema lao linakuja kesho, lakini mkaguzi anakuja sasa.

"Wagawanywe?" Bi Mwanaidi alisema. Ile sauti isiyohitaji kipaza ilikuwa imerudi. "Watoto wametoka kwao pamoja, wagawanywe kama mafungu ya dagaa? Hapa Masoko? Na mimi nimesimama hapa natazama?" Akamgeukia Fauzia. "Na hili hukulisema kwa nini? Umekuja kuniambia nisichotaka kusikia, la maana ukalificha!"

Filimbi ikalia kwa Wafini, hapo hapo jirani. Kanga zilikuwa zimekunjwa tayari, na kuzifunga upya kungechukua muda ambao haukuwepo.

"Msifunge!" Bi Mwanaidi aliamuru. "Shikeni!"

Wanawake wale hawakuuliza. Walikunjua kanga, wakashika ncha kwa ncha, wakalizunguka turubai bega kwa bega, mikono juu. Palipopelea, Helena aliruka mkekani akaziba pengo, hina mbichi inachuruzika mpaka viwikoni. Hakuelewa bado, alielewa tu kwamba kuna kitu cha kushika.

Kamishna Dativa alifika. Alitazama moyo ulioandikwa HONGERENI MAHARUSI. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Viatu, mwanangu," ilisema sauti nyuma ya kanga. "Hapa ni ndani."

Kamishna alikuwa na cheo, lakini pia alikuwa amelelewa. Akainama akavua buti, na soksi moja ikaonekana imetoboka kidole gumba.

"Shikamoo," akasema, kabla hajajua anamwamkia nani.

"Marahaba. Ingia."

Akaingia. Akazunguka kwa ndani, mikono nyuma, akisoma kuta moja moja. Akainama, akatazama chini ya pindo.

"Ukuta huu una miguu."

"Una miguu na masikio," alisema Bi Mwanaidi, "kwa hiyo sema vizuri."

"Mama, kanuni ni kanuni. Nyie mtarudi makwenu. Watoto watalala ndani ya nini?"

"Nani kakwambia tunarudi? Kuku hawajaiva. Wakiiva tutakula, tukishakula hawa watoto watazifunga hizi kanga kwa mafundo mnayowafundisha nyie wenyewe, zikae hapa mpaka hema lao lije. Hizi ni zetu, tunaziacha kwa ridhaa yetu. Lakini kumtenga mtoto na wenzake, hilo hulifanyi hapa. Tutasimama hivi mpaka na wewe uchoke."

Kamishna akamgeukia Fauzia. "Ulipanga hivi?"

"Hapana, Kamishna. Walidhani ni harusi, nikawaacha wadhani. Kuta zilikuwa zimekamilika. Nimewaambia ukweli sasa hivi, wakazishusha."

"Sasa hivi? Nikiwa kwa Wafini? Ungengoja dakika tano ningekuwa nimeshapita."

"Najua, Kamishna. Lakini mama alikuwa ananipa doti ya binti yake."

Kamishna Dativa alitazama juu, kwenye nyota za fedha, na kidevu chake kilikuwa kinacheza. Kila mtu alidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anajizuia, na hatimaye alishindwa: kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kikatoka chote, akainama akashika magoti, skauti mzima wa cheo, na ukuta ukaanza kutikisika kwa kucheka mpaka pindo mbili zikadondoka.

"Mfereji?" aliuliza alipopata pumzi.

"Umechimbwa!" Nassibu alijibu.

"Mchinga, mnabaki hapa hapa. Wote." Akavaa buti. "Na mimi kipande cha kuku."

Kilichofuata hakisimuliki kwa utaratibu. Kila mtu alimrukia aliye karibu naye. Mwalimu Eusebio alipiga magoti kama alivyoahidi, akainuliwa kwa vigelegele. Helena alielezwa mambo yote na kijana wa Kifini aliyepata habari kwa Kiingereza, akafunika uso kwa mikono yake yenye hina, na alipoufunua alikuwa na mashavu ya bibi harusi kweli kweli.

"Kimebaki kitu kimoja," Bi Mwanaidi alitangaza. "Kuku wamechinjwa, udi umewaka, harusi haina mwali. Yule muongo yuko wapi?"

Jafari alikimbia. Alikamatwa kwenye mnazi wa tatu. Walimketisha mkekani, wakamfunika kanga gubigubi, na Helena mwenyewe ndiye aliyempaka hina, kwa mikono isiyojua, ua moja kubwa kwenye kila kiganja. Alikula mapaja mawili ya kuku chini ya ushungi akisema amekubali mwenyewe na hakulazimishwa.

Jua lilipoanza kulala, filimbi iliita gwaride la ufunguzi. Vikosi vilijipanga uwanjani, kila kimoja nyuma ya bendera yake. Watu wa Masoko walikuwa wamejazana pembeni kutazama, na akina mama wale walikuwa mbele yao wote. Kamishna Dativa alisimama kwenye meza akaanza kuita vikosi kwa majina.

"Msumbiji!"

"Tupo!"

"Ufini!"

"Tupo!" walipiga kelele Wafini, waliofundishwa neno la nne.

Fauzia alikuwa amesimama mbele ya wenzake saba. Alijua jina lao linakuja, akavuta pumzi, maana alitaka yeye ndiye aitikie kwa nguvu kuliko wote.

"Mchinga!"

Machozi yalimwagika huku anacheka, na saba waliokuwa nyuma yake ndio walioitikia kwa niaba yake. Wakati huo huo sauti nyingine ikapasuka kutoka pembeni, pana kuliko ya kikosi chochote uwanjani pale: "Tupoooo!" na vigelegele juu yake, na kanga zikipeperushwa.

Kamishna alingoja mpaka kelele zikatulia. Halafu akasema hakusikia vizuri, akaita Mchinga mara ya pili.